Fraizezi ya Zamani: Somea Moteri Kwanza, Variateri Baadaye

Wenzetu wawili walinipa nisome mpango wao wa kufufua fraizezi ya CNC ya miaka ya 1980. Kompyuta yake ilishakufa, lakini meza, visi na moteri zake tatu za DC viko vizima. Walifanya vizuri kukataa isiuzwe kwa kilo kama chuma chakavu, na hapo nawapa pongezi. Ila kwenye ukurasa wa variateri, zile amplifaya za servo zinazolisha moteri umeme, siko pamoja nao.

Wanasema hivi: moteri ni za volti 140, variateri za bei yetu zinaishia volti 80, kwa hiyo moteri zote zitupwe, tununue mpya. Hapo hesabu imekosa. Kwa moteri ya DC, volti zinaleta mwendo, ampere zinaleta nguvu ya kuzungusha. Kibao cha moteri kinaonyesha mizunguko 2000 kwa dakika kwa volti 140. Ukiipa volti 68, itafika karibu 970. Visi inasukuma meza milimita 5 kila mzunguko, basi meza itakimbia karibu mita 5 kwa dakika pahali pa 10. Nguvu haipungui, mradi variateri itoe ampere zile ambazo kibao kinaomba. Na wakati wa kukata chuma chenyewe, mara nyingi hatufiki hata mita 1 kwa dakika. Tunachopoteza ni sekunde za kurudisha meza bure. Tutupe moteri tatu nzima juu ya sekunde? Hapana, wandugu.

Volti 68 zinatoka kwa transfo ya volti 48, ukizidisha kwa 1.41. Wao walichagua transfo ya 56 ili wapate 79. Kwenye karatasi inapita. Lakini umeme wetu munaujua: ukipanda asilimia 10 tu, 79 inakuwa 87, na variateri ya 80 imeungua. Ile ya 68 itafika 75, inabaki salama. Tena meza nzito ikisimama ghafla, moteri inageuka jenereta na kurudisha umeme nyuma, volti zinapanda zaidi. Rezistansi ya breki haimo kabisa katika mpango. Iwekwe.

Kosa la mwisho ndilo linaniogopesha. Variateri ikipata hitilafu, inazima moteri yake. Iko na waya wa kupeleka habari hiyo kwa kompyuta, ila mchoro wao umeuacha hewani. Mimi nilishaona matokeo: X ilizima, Y na Z zikaendelea kama hakuna kitu, freze ikaingia ndani ya eto, kipande cha chuma kikapita kando ya sikio la fundi. Yule baba aliketi chini, hakusema neno siku nzima. Waya mmoja ungesimamisha yote.

Kwa hiyo vijana wasivunjike moyo. Kazi yao iko karibu kukamilika. Wageuze tu mpangilio: kibao cha moteri kwanza, kisha umeme wa mtaa, kisha usalama wa mtu anayesimama pale. Katalogi na bei zije mwisho. Mwenye hesabu ingine alete, tuipime pamoja.