Kasiksi na Meza ya Bonde la Ruzizi

Kasiksi ni pombe ya ndizi ya Kivu Kusini. Hupikwa Bushi, kandokando ya Bukavu, na hunywewa hadi kwenye bonde la Ruzizi, ilipo Sange, katika barabara iendayo Uvira. Ni ufundi wa jiko na wa mtungi kwa pamoja, nao unastahili heshima ileile ambayo kwingine hupewa mvinyo.

Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ukashuka hadi Ziwa Tanganyika lililo kwenye mita 773 hivi. Mteremko huo ndio unaoijaza meza: ndizi za miinukoni, mpunga na muhogo wa bondeni, samaki wa ziwani.

Kazi huanza kwa kuchagua ndizi. Baadhi ya ndizi za pombe zina ukakasi usiofaa kwa chakula. Nyingine, kama Yangambi Km 5, yenye jina la kituo cha utafiti cha Yangambi, huliwa na hukamuliwa vilevile. Mikungu iliyokomaa, ingali kijani, hufukiwa katika shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya mgomba. Kwa siku nne hadi sita wanga hugeuka sukari. Hapo ndipo pa kustaajabia. Shayiri ya bia ya Ulaya haina budi kulowekwa, kuchipushwa, kukaushwa na kupikwa ili itoe sukari yake. Ndizi huifanya kazi hiyo yenyewe, gizani. Linalobaki kwa mpishi ni kujua siku ya kufukua. Akiwahi, maji hutoka machache tena ya kakasi. Akichelewa, ndizi huwa rojo lisilokamulika.

Zikishamenywa, ndizi hukandwa pamoja na nyasi ndefu. Nyasi hushikilia nyama ya tunda, maji matamu yakachuruzika. Maji hayo huchujwa, huzimuliwa, kisha hukorogewa unga wa mtama uliokaangwa, unaoyapa rangi ya hudhurungi na harufu ya moshi. Hufunikwa kwa majani ya mgomba, yakachacha siku mbili tatu. Hamira hainunuliwi. Imo katika ndizi zenyewe na katika mbao za chombo kilichotumika mara nyingi, na kwa hiyo chombo kikongwe hakitupwi ovyo.

Majirani wana ndugu zake: urwagwa wa Rwanda, rubisi ya Bukoba, tonto ya Uganda, na mbege ya Wachaga inayochanganywa ulezi.

Utamu wenye uchachu kidogo huipatanisha kasiksi na mafuta na moshi. Huenda vizuri na ndagala wa kukaanga, samaki wadogo waliopelekwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao Bukavu huwaita sambaza. Huenda vizuri na sombe (majani ya muhogo) yenye mawese na bugali wa muhogo. Lakini mwenzake hasa ni mukeke wa kuchoma: samaki huyo mnono, na kasiksi iliyochacha barabara, ni mlo usiodai nyongeza yoyote kutoka ng'ambo. Na kwa kuwa pombe hii huwa siki baada ya siku chache, lazima inywewe karibu na ilipopikwa. Migahawa ya kifahari inayojipikia bia nyuma ya jiko huufuata mpango huohuo, kwa gharama kubwa zaidi.

Bia ya kiwandani ina njia nyingine. Bralima, iliyoanzishwa mwaka 1923 katika jiji ambalo leo ni Kinshasa, ilikuwa na kiwanda Bukavu. Juni 2025 Heineken, kampuni mama wakati huo, ilitangaza kwamba vita vimeitoa katika majengo yake ya Goma na Bukavu. Kasiksi haingoji kimea cha meli wala umeme.

Hatari yake iko shambani. Mnyauko wa bakteria ulionekana Kongo mwaka 2001, Masisi, na migomba ya pombe ni miongoni mwa inayougua zaidi, kwa kuwa wadudu hubeba vijidudu hadi kwenye ua dume linaloning'inia chini ya mkungu. Kinga haina gharama: ua hilo livunjwe kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapojitokeza. Kisu kisitumike, maana nacho huhamisha ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Kila mwenye shamba la ndizi za pombe, juu ya Sange na kwingineko, na afanye hivyo msimu huu.