Besi Ipishe Neno

Ukitaka kujua kama wimbo wa hip-hop umechanganywa sawasawa, usiusikilizie studio. Nenda nao Himo jioni, pale barabara ya Moshi inapokutana na ile ya Dar es Salaam, ya Holili kuelekea Taveta na inayopanda Marangu. Makonda wanaita abiria, malori yananguruma, duka la vifaa vya simu limetoa sabufa nje ya mlango, na Hiace ya Moshi ina spika mbili, moja imeshapasuka. Katika vurugu hiyo zipo nyimbo ambazo kila neno linakufikia. Haliji lenyewe hilo. Kuna mtu alikesha akilitafuta.

Mtu huyo ni fundi mitambo, na kwetu sifa zake huwa tunampa mchanaji. Mimi namwekea heshima ya pekee yule aliyeanza kwa kuchezesha disko. Boniface Kilosa, DJ Bonny Luv, alikuwa DJ wa disko la Mawingu kabla jina lake halijazoeleka kama la prodyuza wa Mawingu Studio, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1990. Ulikuwa wakati wa redio binafsi kuanza kusikika nchini. Radio One ilianza mwaka 1994, na vijana waliokuwa wakifokafoka kwenye kumbi wakapata mahali pa kupeleka kanda zao. Aliyekwisha kuona watu wakicheza alikuwa na faida. DJ anajua ni wakati gani sakafu inajaa na ni wakati gani watu wanarudi kukaa. Anajua wimbo unahitaji mwanzo mtupu wa ngoma ili uunganishwe na uliotangulia. Anajua pia uzuri wa kushusha sauti ghafla ukumbi ukaimba wenyewe. Ujanja huo ukiingia studio unakuwa ule unaousikia mpaka leo: biti inakatwa kufumba na kufumbua, mstari mtamu unapita peke yake, kisha ngoma ya kiki inarudi na uzito wote.

Wengine walikuja na njia zao. Master Jay wa MJ Records anaitwa Joachim Kimaryo, na mtu wa Himo akishasikia jina hilo la ukoo hahitaji kuambiwa kuwa asili yake ni Uchaggani. P-Funk Majani, yaani Paul Matthysse, alijenga Bongo Records, na kwa sikio langu hakuna aliyewapa wachanaji wa Kiswahili nafasi pana kuliko yeye. Sikiliza “Ndio Mzee” ya Professor Jay, kutoka albamu ya “Machozi Jasho na Damu” ya mwaka 2001. Mgombea anahutubia, anaahidi mambo yasiyowezekana, na umati unamwitikia. Mwanasiasa yuko mbele kabisa, karibu na sikio, kama anayeshika maiki kwa mikono miwili. Wananchi wako nyuma yake na pembeni. Hakuna picha, lakini unauona uwanja. Biti haina mapambo mengi, inatembea tu na kumwachia mzungumzaji ajiaibishe. Angekuwa prodyuza mwenye papara, angejaza vinanda kila pengo na kichekesho kingefia humo. (Miaka 14 baadaye Professor Jay, Joseph Haule, aligombea kweli na kuwa mbunge wa Mikumi.)

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Kiki na besi hukaa chini kabisa, kati ya hezi 50 na 100 hivi. Uwazi wa maneno, pale konsonanti zinapotambulikana, uko juu, kwenye hezi 2,000 hadi 4,000. Ugomvi uko katikati, kuanzia 200 hadi 500, ambako kinanda, gitaa na kifua cha mchanaji vinataka kiti kimoja. Fundi mchanga hupandisha sauti ya mchanaji. Ikipanda, anaona ngoma imekuwa ndogo, anapandisha ngoma, na usiku unaisha hivyo. Fundi mzoefu anamega kinanda kidogo tu, mahali pale pale sauti ya mtu ilipo, kisha anaacha. Kiswahili hakisamehe hapa: silabi moja ya katikati ikimezwa na ngoma ya snea, msikilizaji hajui aliyeambiwa ni mmoja au ni wengi.

Kisha arudi kwenye ile Hiace. Spika ndogo ya mlangoni haiwezi kutoa mvumo wa hezi 60, hata ukiibembeleza. Kwa hiyo besi inakwaruzwa kidogo ili izae sauti nyingine juu yake; sikio likizisikia hizo, linajaza lenyewe mvumo uliokosekana, na abiria anatikisa kichwa kwa besi ambayo kwa kweli haipo. Na kwa sababu spika moja imekufa, chochote kilichosukumwa upande wake kimepotea. Maneno, kiki na besi hubaki katikati. Vinavyotawanywa pembeni ni vile ambavyo wimbo unaweza kuishi bila hivyo.

Si lazima uanze kwa disko: kule Jamaika, fundi mitambo King Tubby aliifikia kazi hii kupitia ufundi wa redio na vikuza sauti, na alipoketi kwenye mashine ya kuchanganyia alijua kila waya unafanya nini. Leo kijana wa Himo anaweza kuanza na kompyuta ya mkononi, programu ya FL Studio na godoro lililosimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Vifaa vimeshuka bei sana. Sikio halijashuka: bado linataka usiku mwingi wa kusikiliza kitu kimoja, na ujasiri wa kufuta ulichokipenda.

Sifa ni habari nyingine. Nyimbo zinazouzwa kwa kujaziwa kwenye flashi huwa na jina la msanii na la wimbo, basi. Aliyechanganya haandikwi popote. Ndiyo maana maprodyuza wakazoea kupachika majina yao kwenye sekunde za mwanzo za biti, yakitamkwa au kunong’onwa. Wapo wanaokerwa na mtindo huo, wanaona ni majigambo. Mimi nauona ni saini, tena saini pekee ambayo aliyejaza flashi hawezi kuifuta bila kuharibu wimbo.