Flying V ya 1958

Gitaa la umeme lenye umbo la herufi V lilipotoka kiwandani Gibson, mjini Kalamazoo, jimbo la Michigan, wenye maduka wengi walilitazama wakatikisa kichwa. Ted McCarty, mkuu wa kampuni, alikuwa amechoka kusikia kwamba magitaa yake ni ya wazee huku washindani wake, Fender, wakiteka vijana. Mwaka 1958 yalitoka magitaa 81, mwaka uliofuata 17, basi, likasimamishwa. Leo moja huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola.

Bei hiyo inawasumbua matajiri. Mimi navutiwa na mikono iliyolitengeneza, kwa sababu umbo la ajabu namna ile lingeweza kufanywa ovyoovyo nalo likatazamwa vilevile.

Anza na mbao. Ni limba, mti wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati hadi Kongo, wa ukoo mmoja na mkungu tunaoupumzikia kivulini huku pwani. Gibson waliiuza kwa jina la Korina. Ni mbao nyepesi kiasi, rangi yake ya asali iliyopauka, na mafundi hawakuificha kwa rangi nzito: waliipaka vanishi tu, mishipa ya mti ikabaki wazi. Ukiacha mbao wazi hivyo, hakuna pa kufichia kosa la randa.

Nyuzi nazo zinapenya mwilini kutokea nyuma na kujitokeza mbele kupitia bamba la chuma lenye umbo la V, lililopakwa dhahabu. Chini ya nyuzi kuna vinasa sauti viwili alivyobuni Seth Lover, kila kimoja na koili mbili zilizopangwa ili mvumo wa umeme ujifute wenyewe. Halafu tazama ubavuni: ukanda mwembamba wa mpira wenye mifuo. V haikai pajani, huteleza. Fundi alilijua hilo, akabandika mpira. Kwangu mimi, kipande hicho kidogo ndicho kinachothibitisha kwamba waliokuwa wakilichonga walimfikiria mpigaji, hata kama mchoro ulikusudiwa kushtua macho.

Wapigaji wenyewe walilielewa kabla ya maduka. Lonnie Mack alirekodi nalo “Memphis” mwaka 1963. Albert King, mtu wa mkono wa kushoto, aligeuza gitaa la mkono wa kulia juu chini na kuzivuta nyuzi kuelekea chini, zikalia kama mtu. Magitaa mengi yakigeuzwa hivyo, pembe zake humkwaza mpigaji. V ina mabawa mawili yanayolingana, ikamkubali.

Gibson walilirudisha mwaka 1967, safari hii kwa mahogani, na nyuzi hazikupita tena mwilini. Ni gitaa zuri lile, na wengi wamelipigia muziki mkubwa. Lakini kwa ufundi, la 1958 halijapata mpinzani.