Mtoto kwenye Keria: Baiskeli ya Familia Mazimbu

Familia zinazokwenda likizo ya baiskeli katika kisiwa cha Bornholm, Denmark, zinafaidi kazi ya reli iliyokwisha kufa. Treni za kisiwa hicho zilisimama mwaka 1968, na baadaye sehemu za tuta la reli zikageuzwa njia za baiskeli. Treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo mtoto anayepita juu ya tuta lake hakutani nao.

Kwa sababu hiyohiyo nawashauri wazazi wa Morogoro waanzie Mazimbu. Wajerumani walipoifikisha reli Morogoro mwaka 1907 waliikwepa milima ya Uluguru, wakashika nchi ya chini. Mazimbu nayo iko chini, jirani na mto Ngerengere. Chuo cha Solomon Mahlangu kilichoko hapo, cha wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, ambacho leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilijengwa kama mji mdogo wenye barabara zake. Malori ya Iringa hayapiti humo, na mtoto anajifunza kukata kona na kushika breki kwa utulivu.

Kazi ngumu ni kumpakia yule asiyeweza kuendesha. Akikaa nyuma, miguu yake huning'inia sawasawa na spoku, na kisigino kikiingia humo gurudumu likizunguka, jeraha lake ni baya sana. Mpelekee fundi wa kuchomelea baiskeli akuwekee vikanyagio vya nondo pande zote mbili za keria, kisha funika spoku kwa wavu mgumu. Mama anayeendesha akiwa na khanga aikunje ndani, mbali na cheni. Haya yafanyike kabla ya kununua kengele au rangi mpya.

Halafu gia. Baiskeli ya inchi 28 yenye meno 44 mbele na 19 nyuma husogea takriban mita 5 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Tambarare ni raha, ila ukiwa na mtoto wa kilo 20 kimwinuko kidogo tu kitakushusha. Friwili ya meno 22 inapunguza hatua hiyo hadi kama mita 4.4, na magoti yatakushukuru.

Morningside, kule juu kwenye milima ya Uluguru, iacheni. Kutoka mjini, kwenye takriban mita 500, hadi kule kwenye mita 1,300 hivi, ni kupanda mita 800, wakati kilele cha Bornholm nzima ni mita 162. Kushuka ndiko kubaya zaidi, maana breki za fimbo zinazobana rimu iliyolowa hazimzuii mtu mzima aliyepakia mtoto. Huko familia ipande kwa miguu, baiskeli zibaki chini.