Kugawa Saa, Si Siku: Safari ya Fezanti na Wolai kando ya Missouri

Wageni wengi wanaokwenda Dakota Kusini kuwinda na kuvua kwa pamoja huzigawa siku zao: mbili za ziwani, tatu za mashambani. Mpango huo hupendeza kwenye karatasi. Lakini nyika iliyo kandokando ya mto Missouri ni wazi mno kwa upepo, na siku iliyotengewa boti huenda ikawa ndiyo siku ambayo boti haifai kutoka. Waliozoea huko hugawa saa badala ya siku, na mpango wao una hesabu nzuri ndani yake.

Hesabu hiyo inaanzia kwenye sheria. Msimu wa kuwinda ndege aitwaye fezanti hufunguliwa kwa wote Jumamosi ya tatu ya Oktoba. Mwindaji anaruhusiwa majogoo 3 kwa siku, matetea hawaguswi. Leseni ya mgeni humpa vipindi viwili vya siku 5 mfululizo. Jambo linaloamua ratiba ni kwamba bunduki haziruhusiwi kulia kabla ya saa 4 asubuhi, kwa saa za ukanda wa kati, hata katika sehemu za ng'ambo ya magharibi ya mto ambako saa rasmi iko nyuma kwa saa moja. Kwa hiyo asubuhi yote iko huru, na asubuhi ndiyo saa ya wolai.

Wolai ni samaki wa mwanga hafifu. Ndani ya jicho lake, kwa nyuma, kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana huona vizuri alfajiri na kwenye maji yaliyochafuka kuliko samaki wadogo anaowala. Upepo wa wastani humsaidia: mawimbi madogo huvunja mwanga wa jua, na vijidudu vya majini husukumwa hadi ufuo unaopigwa na upepo. Samaki wadogo huvifuata, naye wolai huwafuata hao. Mvuvi anayejificha upande wa demani kwa ajili ya starehe yake huwa amewaacha samaki upande wa pili. Ufuo huo unaopigwa unavulika, mradi ndoana iwe na kichwa kizito cha kuifikisha chini, na boti iburuze mfuko wa turubai majini ili isipeperushwe haraka kupita chambo.

Yote hayo ni kwa upepo wa wastani. Ziwa Oahe, lililotokana na bwawa alilolizindua Rais Kennedy mwaka 1962, lina urefu wa takriban kilomita 370, kutoka karibu na mji wa Pierre hadi jirani ya Bismarck. Baridi inapoingia, upepo wa kaskazini-magharibi huvuma ukifuata sehemu kubwa ya urefu huo. Wimbi hukua kadiri upepo unavyopata masafa ya maji bila kizuizi, na Oahe inayo masafa ya kutosha kuzamisha boti ndogo katika maji ambayo ubaridi wake pekee unaweza kuua. Hapo sioni ushujaa wowote wa kuusifu. Jaketi okozi livaliwe tangu nchi kavu, na upepo ukizidi, boti ihamishiwe chini ya bwawa, mwanzoni mwa Ziwa Sharpe, ambako maji yangali membamba kama mto na upepo hauna nafasi ya kuyainua. Ndiyo maana Pierre ni mahali pazuri pa kulala: maji yote mawili yako karibu, na uamuzi unaweza kufanywa usiku baada ya kusoma utabiri.

Saa 4 ikifika, upepo uleule uliomfukuza mvuvi haumzuii mwindaji. Humbadilishia njia tu. Fezanti hupenda kukimbia kabla ya kuruka. Kelele za nyasi zinapomziba masikio huwa na wasiwasi, huruka mbali. Siku za upepo hujibanza nyuma ya safu za miti iliyopandwa kukinga mashamba, au kwenye matete ya mabondeni. Watu huingilia upande wa demani na kutembea wakiukabili upepo, ili harufu imfikie mbwa na sauti za miguu zipotee nyuma. Wenzao wawili watatu husubiri kimya mwisho wa shamba, kila mmoja akijua mwenzake yuko wapi.

Kilichobaki ni risasi zenyewe. Katika sehemu nyingi za ardhi ya umma ya jimbo hilo marisau ya madini ya risasi hayaruhusiwi, hivyo wengi hubeba ya chuma. Chuma ni chepesi zaidi na hupoteza kasi mapema. Jogoo aliyeruka mbali akisukumwa na upepo huongeza umbali haraka, kwa hiyo huchaguliwa punje kubwa kidogo kuliko zile za risasi, na mlengaji akubali kumwacha ndege aliyekwisha kupita masafa yake. Anayepigwa aachiwe kichwa, bawa au mguu hadi nyumbani, ili askari wa wanyamapori aweze kuthibitisha kuwa ni jogoo.