Vinundu Havikuwa na Kosa

Tuliokuwa kwenye lile duara la dhahabu upande wa Nyarugusu tuliona chensoo ikitema unga badala ya maranda, tukamwona opereta akizima injini. Alikuwa na tupa ya duara mkononi. Akaiweka chini, akaomba grainda ichomekwe kwenye jenereta. Kazi iliharibika pale. Kukaza cheni, kusafisha mfereji wa baa, kutia oili, yote hayo aliyafanya vizuri.

Turudi nyuma kidogo. Cheni ilikuwa ya 3/8, inayotaka tupa ya milimita 5.2 au 5.5 kutegemea mtengenezaji, na tupa hiyo alikuwa nayo. Gogo lilikuwa la mtundu, limekokotwa ardhini, ganda limejaa mchanga wa yale mawe meupe tunayoyasaga kutafuta dhahabu. Mchanga huo huanza kula kona ya jino, ile ncha ya nje inayokutanisha bati la juu na la ubavuni. Mabati hayo yamepakwa kromu nyembamba, na ukali wote wa cheni umo katika kromu hiyo. Ikishamomonyoka, jino lazima lirudishwe nyuma kwa tupa mpaka ukutane na kromu nzima. Opereta alisugua mara tatu kila jino, akajaribu, unga ukaendelea kutoka, akaamua kwamba vinundu vya mbele ya meno ndivyo vimekuwa virefu.

Havikuwa virefu. Kinundu hupima jino lizame kiasi gani mtini, na kwa cheni nyingi za aina ile kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Mgongo wa jino umeinamia nyuma, kwa hiyo kila unaponoa jino hushuka, na kinundu hakina budi kulifuata taratibu kwa tupa bapa. Kipimo chake ni kile kibati chenye upenyo: unakilaza juu ya cheni, kinachochomoza unakisugua, kisha unauviringisha ukingo wa mbele. Hakuna umeme unaohitajika. Yeye alivikata kwa grainda, kwa macho tu, upande wa kulia akiwa amesimama sawasawa na wa kushoto akiwa amejikunja, cheche zikiruka. Vya kushoto vikashuka zaidi ya vya kulia.

Kilichofuata tulikiona wenyewe. Cheni ilianza kuuparamia mti, baa ikaruka kuelekea usoni mwake, klachi ikanuka. Halafu mkato ukapinda, kwa sababu upande wenye vinundu vya chini hung'ata zaidi na kuivuta baa kwake. Kwa kuni mkato uliopinda hauna neno. Kwa matimba tuliyokuwa tukikata, magogo ya kuushikilia mwamba mgodini, ni hatari. Timba lililokatwa mshazari husimama kwa ukingo mmoja, na mwamba ukilielemea huteleza badala ya kubana. Ncha za matimba hayo zilikatwa upya, na mengine yakawa mafupi kuliko kimo cha njia ya mgodini. Miti hiyo ilikatwa bure. Mtu wa Shinyanga, mkoa ambao tangu 1986 mradi wa HASHI ulihangaika kurudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yaliyohifadhiwa, baada ya nchi kubaki tupu, halazimiki kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Nimepiga kelele kuhusu viongozo vya tupa kwa muda mrefu na sitaacha. Mafundi wetu wanakicheka kile kibati chenye alama ya nyuzi 30, wanakicheka cha Husqvarna chenye magurudumu, wanakicheka hata cha Stihl chenye tupa mbili za duara na moja bapa, kinachonoa jino na kushusha kinundu kwa mkupuo mmoja. Eti ni vya wanafunzi. Kifaa hicho cha mwisho kingemzuia opereta wetu asifanye alichofanya, kwa kuwa hakikuruhusu ushushe kinundu kuliko jino linavyotaka. Lawama nyingine ni ya wauzaji wanaompa mteja tupa ya milimita 4.8 kwa cheni yoyote ile. Hiyo ni ya cheni ya .325. Kwenye 3/8 inachimba chini ya ncha na kuacha makali membamba yasiyodumu.

Wazee waliopasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja shimoni, wasingefanya kosa hili. Kabla ya tupa ya pembe tatu kugusa jino lolote, walipitisha tupa bapa juu ya ncha zote ziwe na kimo kimoja. Ndipo wakanoa na kuyapanga meno huku na huku. Kimo kwanza, makali baadaye. Hata cheni tunayotumia leo ilizaliwa kwa jicho la namna hiyo: mwaka 1946 mkata magogo wa Marekani, Joseph Cox, alimtazama buu wa mdudu akitafuna kisiki kwa taya za kushoto na kulia, akaiga taya hizo kwa chuma. Taya zilikuwa sawa pande zote mbili.

Cheni ile bado inaokoleka. Viacheni vinundu kabisa, noeni meno peke yake, kushoto na kulia kwa urefu mmoja, mpaka yashuke na pengo lirudi milimita 0.65. Kwa jinsi grainda ilivyozama, sehemu kubwa ya jino itaishia kwenye tupa. Kona iliyolika ingeondoka kwa kusugua mara chache zaidi.