Kukusanya au Kukabidhiwa? Istilahi za Nyaraka za Jiji

Istilahi za utunzaji wa nyaraka zitumikazo katika ofisi zetu zimeelemea upande mmoja. Tunayo maneno ya kutosha ya kueleza mahali karatasi inapowekwa na jinsi inavyotunzwa: jalada, masjala, hifadhi, kavazi. Lakini maneno ya kueleza jinsi karatasi hiyo ilivyofika hapo, nani aliyewajibika kuileta, na nani aliyeamua kwamba nyingine ziteketezwe, ni machache, na baadhi yake yanapotosha. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno hayo kwa habari za nyaraka za Jiji la Köln, nchini Ujerumani.

Tumeichagua Köln kwa kuwa mambo ambayo kwingineko hufanyika nyuma ya milango iliyofungwa, huko yaliwekwa hadharani na msiba. Tarehe 3 Machi 2009 jengo la nyaraka za jiji hilo, katika mtaa wa Severinstraße, liliporomoka kando ya machimbo ya reli ya chini ya ardhi. Vijana wawili waliokuwa katika nyumba za jirani walikufa. Nyaraka zilizokuwamo, zilizojaza rafu za urefu wa kilomita 30 hivi, zilifukiwa na kifusi, nyingine zikazama katika maji ya ardhini. Iliyo kongwe kuliko zote ni ya mwaka 922.

Mfasiri wa habari hii hujikwaa tangu kwenye jina. Akiandika "Nyaraka za Jiji", mtumishi wa serikali atadhani zinatajwa barua za maagizo zitokazo makao makuu, kwani hiyo ndiyo maana ya waraka aliyoizoea mezani pake. Akiandika "Hifadhi ya Jiji", msomaji wa Tanzania atatazamia tembo. Nchini Kenya neno "makavazi" limeshika nguvu, ingawa huko huko hutumika pia kwa makumbusho. Na Dar es Salaam lipo Kavazi la Mwalimu Nyerere. Sisi tunaona kavazi lifae kwa jengo na taasisi, na nyaraka kwa vilivyomo. Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 ya Tanzania inataja kumbukumbu na nyaraka kwa pamoja, na utengano huo wafaa kushikwa: kumbukumbu iwe karatasi ambayo ofisi ingali ikiitumia, nyaraka iwe ile iliyokwisha kuchaguliwa idumu. (Kwamba kumbukumbu pia ni za mkutano, na za marehemu, ni udhia tuliokwisha kuuzoea.)

Hilo la jina ni jambo dogo. Kosa kubwa limo katika kitenzi. Kwa mazoea tunasema kwamba kavazi "hukusanya" nyaraka. Mwenye kukusanya ni yule atokaye kwenda kutafuta, kama mkusanya kuni. Asipotoka, lawama ni yake. Mambo hayaendi hivyo katika utaratibu wa Köln. Ofisi ya jiji isiyohitaji tena kumbukumbu zake hairuhusiwi kuziharibu kabla ya kuzitoa kwa kavazi ili zikaguliwe. Wajibu wa kwanza uko kwa mwenye ofisi. Hata katika karne ya 15, baraza la jiji lilipoziweka hati zake katika chumba cha kuba ndani ya mnara wa ukumbi wa jiji, uliojengwa kati ya mwaka 1407 na 1414, hapakuwa na ukusanyaji wowote: hati zilikuwa mali ya baraza lenyewe, nazo ndizo zilizothibitisha haki zake. Kwa hiyo neno sahihi ni kukabidhi, na kila karani aliyepata kuhama kituo anajua makabidhiano ni nini na aulizwa nani kitu kinapokosekana.

Ziko njia nyingine za kuingiza nyaraka, nazo zisichanganywe na hiyo. Karatasi za mwandishi Heinrich Böll zilinunuliwa na jiji wiki chache tu kabla ya jengo kuanguka. Familia au chama pia huweza kuweka karatasi zake kavazini bila kuacha umiliki. Hapo lugha yetu haina haja ya kuazima wala kubuni, kwani amana ndiyo hiyo. Anayeandika "mchango" mahali pa amana amemnyang'anya mtu mali yake kwa kalamu.

Baada ya makabidhiano hufuata kazi nzito kuliko zote, ya kuamua kipi kidumu. "Uteuzi" umekwisha kuchukuliwa na vyeo, "uchaguzi" na kura, "uchambuzi" na wahakiki. Tunapendekeza upembuzi. Wahandisi na wachumi wanalo katika "upembuzi yakinifu", lakini mwenye kupembua nafaka ndiye aliyekuwa nalo kwanza, na pumba anayoitupa haisemwi kuwa imepotea. Jalada lililoteketezwa baada ya upembuzi na jalada lililoliwa na mchwa ni mambo mawili mbali mbali, na taarifa zetu hazina budi kuyatenga.

Kwa upande wa utunzaji, Köln inatudai usahihi mwingine. Karatasi zilizolowa ziligandishwa upesi ili zisishikwe na kuvu, kisha zikakaushwa katika chumba kilichoondolewa hewa, barafu ikageuka mvuke pasipo kuwa maji kwanza. Huko si "kuhifadhi" tu, wala si "kukarabati" kama ukarabatiwavyo ukuta. Kuponya karatasi lingekuwa jina la haki. Yakadiriwa kuwa asilimia 95 ya nyaraka ziliopolewa, lakini nyingi zilitoka zikiwa zimechanganyika, pamoja na vipande vidogo vidogo vinavyohesabiwa kwa mamilioni. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 2021, na kazi ya kuunganisha ingali ikiendelea. Kipande kisichojulikana kilitoka katika jalada gani wala ofisi gani kinasomeka, ila hakishuhudii kitu. Kanuni hiyo ya kutozitenga nyaraka na ofisi iliyozizaa tungeiita kanuni ya chimbuko, kwani "asili" imekwisha kumaanisha nakala ya kwanza.

Kwa watumishi watungao kanuni za halmashauri, ombi letu ni moja: popote palipoandikwa kwamba nyaraka "zitakusanywa", paandikwe "zitakabidhiwa", na mkabidhi atajwe kwa cheo chake.